Taa ya Dagaa na Mtoto wa Manjano

Mjinga wa siku ile alikuwa Mastura. Tuseme mapema, ili msomaji asihangaike kumtafuta. Wajinga wengine wamo pia humu ndani, tena watu wazima wenye heshima zao, lakini hao walikuwa wasaidizi tu. Mjinga mkuu, mwenye bisibisi mkononi, alikuwa Mastura binti Saad, mwanafunzi wa darasa la sita, mkazi wa Kilwa Kivinje.

Kila siku akitoka shule, Mastura alivua sare, akala, kisha akaketi barazani kwa bibi yake na kuzipanga mbele yake taa za dagaa za baba yake mdogo, Bakary. Taa hizo huwashwa baharini usiku, na dagaa wakiuona mwanga huja wenyewe hadi kwenye wavu. Lakini chumvi huzila nyaya zake bila huruma. Kazi ya Mastura ilikuwa kukwangua kutu, kukaza skrubu na kujaribu betri. Bakary alimwita "fundi" mbele ya watu, na kila Mastura aliposikia neno hilo, shingo ilimrefuka kidogo.

Juma lile, hata hivyo, baraza halikuwa na raha. Mama yake, Mwanaidi, alikuwa amelazwa hospitali na mtoto mchanga. Mtoto alizaliwa salama, wakarudi nyumbani kwa vigelegele, lakini baada ya siku chache akaanza kugeuka rangi. Uso ukawa wa njano, kisha kifua, kisha tumbo, mpaka weupe wa macho ukawa kama umechovywa kwenye binzari. Wakarudishwa hospitali. Baba yao, Saad, alikuwa kisiwani Mafia kwenye dago, kambi ya wavuvi, na simu yake haikuwa ikipatikana. Kwa hiyo mambo yote ya nyumba yaliamuliwa na Bibi pamoja na Bakary. Mwanaidi, mkwe wa nyumba, aliambiwa tu yalipokwisha kuamuliwa.

Alhamisi alasiri Mastura alifuatana na Bibi kupeleka uji wa pilipili manga. Walimkuta mtoto kwenye kitanda kidogo cha plastiki kilichofanana na beseni. Alikuwa uchi, na nepi tu, macho yamefunikwa kwa kitambaa. Juu yake ilining'inia taa iliyotoa mwanga wa buluu, buluu kali ya kuumiza macho. Mastura hakuwahi kuona taa ya namna ile. Vidole vya ufundi vikamwasha.

"Sista, shikamoo. Taa hii inafanya nini?"

Nesi Salome alikuwa amebeba mtoto mwingine anayelia, na nyuma yake mama mmoja alikuwa akimwita kwa mara ya tatu. "Marahaba. Inatibu. Ondoka njiani, mwanangu."

"Lakini kwa nini ni ya buluu?"

"Nimesema ondoka njiani!" Kisha, kwa kuwa hasira ikishatoka hutafuta mahali pa kutua, akamgeukia Mwanaidi mbele ya wazazi wenzake wote. "Na wewe mama, mtoto anageuka binzari nyumbani, unamtazama tu! Ulikuwa unasubiri nini, awe pilau?"

Wanawake wawili watatu walicheka. Mwanaidi aliinamisha kichwa, akajifanya anakunja nguo ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. Mastura alimwona. Damu ikampanda mpaka masikioni. Tangu dakika ile hakuwa akifikiri tena, alikuwa amekasirika, na ubaya wa hasira ni kwamba aliye nayo huona anafikiri vizuri sana.

Akaanza kuitafutia ile taa makosa. Hakukawia kuyapata. Bibi alikuwa ameweka kanga yake ya njano ukingoni mwa kitanda, na chini ya mwanga wa buluu kanga ile haikuwa ya njano tena. Ilikuwa nyeusi, kama imemwagiwa oili chafu.

"Taa mbovu," Mastura alijisemea. "Kanga tu haiwezi kuionyesha rangi yake, itamtibu nani?"

Bibi naye alikuwa akimkagua mjukuu. Mtoto alipotolewa kwenye taa ili anyonye, tumbo lilionekana limepauka. "Alhamdulillahi! Kashapona. Tazama tumbo lilivyokuwa jeupe."

"Ngozi inadanganya, Bibi," Nesi Salome alisema huku akipita. "Tunasubiri damu." Akaenda zake kwa mama aliyekuwa akiita.

Jioni ile barazani kulikuwa na kikao. Jumamosi ilikuwa siku ya saba tangu mtoto azaliwe, siku ya akika. Mtoto hunyolewa nywele, hupewa jina, mbuzi huchinjwa na watu huomba dua. Mbuzi mwenyewe alishafungwa uani na alishaanza kula majani ya mpapai wa jirani. Wageni walishaalikwa.

"Siwezi kuwaambia watu mtoto yuko chini ya taa," Bibi alisema. "Taa! Kana kwamba nyumba hii haina taa."

Bakary alicheka. "Mama, mimi nina taa za kumulika kutoka hapa hadi Songo Songo."

Hapo ndipo Mastura alipousema ujinga wake kwa sauti. "Kweli, Baba Mdogo. Ile yao hata nguvu haina. Na mwanga si mwanga tu? Mimi naweza kumfungia mtoto taa chumbani, tena kali kuliko ile."

Wote wawili walimtazama.

"Fundi kasema," Bakary alisema, akapiga paja. "Mwanga ni mwanga! Tena tumfungie ile ya njano. Nyeupe inawaita dagaa, lakini ya njano ndiyo inayowatuliza juu ya maji. Taa huita kitu, nyie. Njano itaiita njano mwilini, itoke."

Bibi aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kwa watu walioishi kwa taa na dagaa miaka yote, hoja ile ilikaa vizuri kabisa.

Jafari, jirani aliyekaa dawati moja na Mastura, alikuwa ameegemea nguzo akila embe bichi na chumvi. "Mwalimu alisema mwanga una rangi nyingi ndani yake," alisema. "Na kila rangi ina wimbi lake. La buluu fupi, la njano refu kuliko la buluu. Siyo kitu kimoja."

"Jafari, nani kakualika kwenye kikao?"

"Nasema tu."

"Kasemee kwenu! Wewe hata balbu ya tochi inakushinda kubadilisha."

"Balbu inanishinda, sawa. Sayansi je, nani alimwangalizia mwenzake kwenye jaribio?"

Mastura alimrushia tambara la kufutia kutu. Jafari aliondoka akicheka, lakini Mastura hakucheka. Neno la kweli likisemwa na mtu anayekuudhi huwa chungu maradufu.

Asubuhi iliyofuata walikwenda kumtoa mtoto. Bibi alimwambia nesi wa zamu kwamba wanamtoa uani kumpigisha jua kidogo. Uani kulikuwa na mlango wa nyuma, na nyuma ya mlango ilingoja bajaji. Mwanaidi alisimama mlangoni pale, mtoto kifuani, miguu imegoma.

"Mama, damu hawajaipima tena," alinong'ona.

"Tutakuja kuipima Jumatatu. Kwani kinachomtibu ni nini? Taa. Taa tunayo, fundi ameshaifunga."

Mwanaidi hakuwa na mtu wa upande wake pale. Mumewe hayupo, shemeji yake yuko kwenye bajaji akipiga honi, mama mkwe amemshika kiwiko. Akamgeukia binti yake.

"Mastura, mwanangu. Una hakika?"

Mastura alikumbuka kicheko cha wale wanawake. Alikumbuka shingo ya mama yake ilivyoinama. "Nina hakika, mama," alisema.

Hakuwa na hakika yoyote. Mama yake akapanda bajaji.

Chumba cha mzazi kilikuwa kimefungwa madirisha, kama desturi, ili upepo usimpige mtoto. Taa ya njano ilining'inia kwenye boriti, betri pembeni, nyaya zimefungwa vizuri sana. Kazi ya mikono haikuwa na kasoro. Ukuta ulionekana wa njano, shuka ya njano, viganja vya Mwanaidi vya njano. Mtoto alilala katikati yake bila kuonekana tofauti na kitu chochote. Chumba kikiwa cha njano chote, nani atamwona wa njano?

"Mashaallah, anang'aa kama dhahabu," walisema majirani walioingia kutazama.

Mtoto alilala. Alilala mchana, akalala alasiri. Akiamshwa anyonye, alivuta mara mbili, akaliachia titi.

"Katulia," Bakary alisema kutoka mlangoni. "Si niliwaambia? Hiyo ndiyo kazi ya taa ya njano. Hata dagaa hutulia hivyohivyo."

Wakacheka wote. Mastura naye alicheka. Mwanaidi hakucheka.

Asubuhi ya akika uani kulijaa watu. Mikeka ilitandikwa, ubani ulifukizwa, na Jafari alikuwa amepewa kazi ya kumzuia mbuzi asile mkeka. Bakary alikaa katikati na wembe mpya na bakuli la maji. Bibi akamtoa mtoto chumbani, akamleta juani.

Mastura alikuwa amesimama karibu kabisa. Jua likampiga mtoto. Mtoto alikuwa wa njano. Njano kuliko alivyokuwa alipopelekwa hospitali, njano mpaka nyayo. Bakary alimlowanisha kichwa kwa maji baridi na mtoto hakushtuka. Mkono wake mdogo ulianguka pembeni, legelege kama utepe. Halafu akalia, kilio chembamba, kikali, kisichofanana na cha mtoto.

"Baba Mdogo, subiri," Mastura alisema.

"Nini?"

"Mtoto wa njano."

"Ni jua tu hilo. Kaa pembeni."

"Hajanyonya tangu alfajiri," Mwanaidi alisema taratibu kutoka nyuma.

"Atanyonya akishanyolewa," Bibi alijibu. "Watu wamekuja kwa dua, hawakuja kumwangalia akinyonya."

Bakary akainua wembe. Mastura alimshika mkono. Mbele ya wageni, mbele ya shehe, mbele ya mbuzi, alimshika baba yake mdogo kifundo cha mkono na kupiga kelele.

"Acheni! Taa imeshindwa! Mimi ndiye niliyeifunga na mimi ndiye ninayesema, imeshindwa!"

Uso wa Bakary ulivimba. "Wewe mtoto! Nani kakufundisha kupayuka mbele ya watu wazima? Niachie!"

"Sikuachii! Mtazameni macho! Mmoja wenu amtazame macho!"

"Mwanaidi, mwondoe binti yako, anatutia aibu!" Bakary alifoka.

Mwanaidi alikuja. Lakini hakumwondoa binti yake. Aliinama, akamtwaa mtoto kutoka mapajani mwa Bibi, akamfunika kanga, akaelekea mlango wa mbele. Hakuaga, hakuomba ruhusa. Jafari alimwachia mbuzi, akakimbia kumwita kaka yake mwenye bajaji. Mbuzi alifurahi peke yake siku ile, maana alikula mkeka wote wa wageni.

Nesi Salome alipowaona hakuuliza lolote. Alimfunua mtoto, akamtazama, akamtoboa kisigino kuchukua damu, akamlaza chini ya taa ya buluu. Akaongeza taa ya pili upande mwingine. Daktari akaja, akasoma majibu ya damu, akasema maneno machache ya chini. Baada ya hapo ndipo nesi alipogeuka.

"Jua kidogo," alisema. "Mlimtoa kumpigisha jua kidogo! Nimetafuta uani, nimetafuta barabarani, nimepiga simu mliyoandikisha mpaka chaji ikaisha! Mnajua kinachofanyika humu? Hii njano ikizidi kwenye damu, inaingia kwenye ubongo. Mtoto anakufa. Asipokufa anaweza kuwa kiziwi, au asiweze kukaa maisha yake yote. Mpaka magharibi kipimo kisiposhuka, gari linampeleka Lindi abadilishwe damu. Mmesikia? Damu yote!"

Bibi alikaa chini kwenye sakafu. Alianza kusoma dua na hakunyamaza tena.

Mastura alisimama ukutani. Alikuwa na hasira na Bibi, na Baba Mdogo, na nesi, na kila mtu aliyekuwa hai. Lakini zote hizo zilikuwa zikizunguka tu, zikirudi mahali pamoja. Una hakika, mwanangu? Nina hakika, mama. Kama angesema "sina", mama yake asingepanda bajaji ile.

Akaenda akapiga magoti mbele yake. "Mama, nilikudanganya. Sikuwa na hakika."

"Najua," Mwanaidi alisema. "Na mimi nilijua hukuwa nayo. Nilitaka tu mtu aniambie." Akamvuta kichwa, akakiweka kwenye paja lake. Hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe.

Jua lilipokuwa likielekea kuzama wakapima tena. Nesi alirudi na karatasi, akaisoma mara mbili kabla ya kuinua uso. Kipimo kilikuwa kimeshuka, si sana, lakini kimeshuka. Gari la Lindi halikuondoka. Kesho yake asubuhi mtoto alinyonya mpaka akapaliwa, na nepi yake ilichafuka vibaya sana. Nesi Salome aliitazama ile nepi kwa furaha ambayo Mastura hakuielewa.

"Huyo anatoka," nesi alisema. "Adui yetu huyo. Mwone anavyoondoka."

"Nani?" Mastura aliuliza.

Nesi, aliyekwisha kusimuliwa na Mwanaidi mambo ya nyumbani, alimtazama, akamkumbuka. "Wewe ndiye uliyefunga taa?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuuliza kwanza?"

"Niliuliza, sista," Mastura alisema. Machozi na hasira vilimjia pamoja. "Niliuliza kwa nini ni ya buluu. Ukaniambia niondoke njiani. Halafu ukamcheka mama."

Wodi nzima ikasikia. Nesi Salome alivuta kiti, akakaa, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akifanya.

"Ni kweli," alisema. "Mama Mastura, neno la pilau lilikuwa baya. Nisamehe." Mwanaidi aliitikia kwa kichwa. "Sasa, fundi, lete kanga ya bibi yako, hiyo ya njano."

Wakati huohuo Bakary aliingia. Alikuwa amekuja kumwona mtoto, lakini kwapani alikuwa na taa yake ya njano na betri, kama wakili anayekuja na kitabu chake. Nyumbani watu walikuwa wameanza kusema taa za Bakary zimetaka kuua mtoto, na hilo lilikuwa likimnyima usingizi.

"Vizuri," nesi alisema. "Na wewe umeleta ushahidi." Alitandika kanga chini ya taa ya buluu. Ikawa nyeusi. "Kwa nini imekuwa hivi?"

"Nilidhani taa mbovu," Mastura alisema.

"Kanga ya njano ni ya njano kwa sababu mwanga wa njano ukiipiga inaurudisha, unaingia machoni mwako. Wa buluu haiurudishi. Inaumeza. Sasa taa hii inatoa buluu tupu. Kanga imeimeza yote, kilichorudi machoni ni nini?"

"Hakuna."

"Ndiyo maana ni nyeusi. Baba Mdogo, washa ya kwako."

Bakary aliunganisha betri, akaielekeza kanga. Kanga ikang'aa kama dhahabu.

"Umeona? Mwanga ulioingia umetoka uleule. Haukubaki ndani, haukufanya kazi yoyote." Akanyoosha kidole kwa mtoto. "Ile njano mwilini mwake inaitwa bilirubini. Ni rangi ya nyongo. Inatokana na damu iliyochakaa, na kila mtu anayo. Ini la mtu mzima linaitengeneza ikayeyuka kwenye maji, ikatoka chooni. Ini la mtoto mchanga bado linajifunza kazi. Kwa hiyo inabaki, haiyeyuki, inajaa."

"Na taa inaiyeyusha?"

"Taa haichomi wala haivuti. Bilirubini inaumeza mwanga wa buluu kama kanga ilivyoumeza, na ikiumeza inajipinda, inageuka umbo. Lile umbo jipya linakubali maji, linatoka bila kulisubiri ini. Ndiyo nepi ile. Lakini ni wimbi la buluu linaloiweza. Wimbi la njano ni refu kuliko linalotakiwa, linaipita tu. La jekundu ndilo halina habari nayo kabisa. Ungemmulika kwa njano mwezi mzima angebaki vilevile."

Mastura alikumbuka Jafari na embe lake bichi. Akaona aibu kwa mara ya pili.

"Na kule nyumbani tulimwona mzuri," alisema polepole. "Kwa sababu kila kitu kilikuwa cha njano."

"Taa yenu haikumtibu, na juu ya hapo iliwaficha ugonjwa. Na hata ya kwetu huisafisha ngozi mapema, ndani damu bado imejaa. Bibi aliona tumbo jeupe akasema kapona. Ndiyo maana tunapima damu."

"Jua je?" Bibi aliuliza kutoka sakafuni. "Jua si lina rangi zote?"

"Lina buluu, Bibi, pamoja na vingine vya kumchoma mtoto mchanga. Na jua halina wa kulipima. Mtoto akiwa wa njano, mlete hapa. Siku ileile." Akamgeukia Mastura. "Mikono yako ina akili, nimeambiwa nyaya zako zilikaa sawasawa. Lakini waya ukikaa sawasawa kwenye jambo usilolijua, unaliharibu sawasawa vilevile. Ukikasirika, ndiyo uulize zaidi. Mtu akikuambia ondoka njiani, ondoka, kisha rudi uulize tena. Hata kama ni mimi. Hasa kama ni mimi."

"Nitauliza, sista."

"Na usiseme una hakika kama huna. Mama yako alikutegemea."

Hilo Mastura alikuwa ameshaambiwa na paja la mama yake.

Mambo yangeishia hapo, lakini Bakary alikuwa bado ameikumbatia taa yake. "Mimi nakubali mmesoma," alisema. "Lakini haya ya rangi na mawimbi ni maneno. Taa yangu ina nguvu mara kumi ya hii. Mngemwachia mtoto siku moja zaidi mngeona. Mimi naishi kwa taa, nyie. Mwanga ni mwanga."

Bibi akaguna, hakujua amwunge nani mkono. Nesi akainuka kujibu, lakini Mwanaidi alimtangulia. Mwanaidi ambaye siku zote hizi alikuwa akiambiwa tu. Alimfunika mtoto macho kwa kitambaa, akamrudisha chini ya buluu taratibu, kisha akamgeukia shemeji yake. Hakupaza sauti.

"Na maji ni maji, shemeji. Leo chai yako nitaipika kwa ya bahari."